Macho Yaliyofanya Niitwe Mlevi

Wazee wangu, mama zangu, na ninyi vijana mliosimama huko nyuma, asanteni kwa kunipa nafasi. Nimeomba niseme nikiwa nimekaa, tena niseme sasa hivi kabla ya mahubiri, na mchungaji ameniruhusu. Msidhani ni kiburi. Sauti yangu ni ya asubuhi tu, na mtaelewa kwa nini.

Niliolewa hapa mlimani nikitoka upande wa Momela, nikiwa na nguvu zangu zote. Mkungu wa ndizi niliubeba kichwani mpaka sokoni bila kupumzika njiani. Halafu, msimu wa pili wa kuchuma kahawa katika ndoa yangu, kope ya jicho la kushoto ikaanza kuanguka. Asubuhi niliamka mzima. Jua likishapita utosini, kope ilishuka yenyewe, nikawa nainua kwa kidole ili nione kahawa iliyoiva. Baadaye ikafuata na ya kulia.

Ndugu zangu, nawaambia kama ilivyokuwa. Niliona ng'ombe wawili mahali tulipofunga mmoja. Nilimimina maziwa nje ya kibuyu, na kibuyu nilikuwa nakiona kabisa mbele yangu. Jioni nilikula nimeshika taya kwa mkono, maana lilichoka kutafuna. Maneno nayo yakaanza kutokea puani.

Nyumbani kwetu mama mkwe wangu alikuwa anapika mbege, pombe ya ndizi, ya kuuza, na harufu yake ilishika nguo zetu sote. Siku moja jioni mzee mmoja wa kanisa alipita kutusalimu. Nikamwamkia, "Shikamoo, baba." Likatoka neno lisiloeleweka. Akanitazama, macho yangu yamefumba nusu, nimeegemea mlango nisianguke.

"Mwanangu, umekunywa?"

"Sijanywa, baba."

Hilo nalo likatoka vilevile.

Wakaniita mbele ya wazee. Waliniita asubuhi, nikafika macho wazi, nasema vizuri kuliko siku zote. Nikadhani Mungu amenitetea. Mmoja akasema, "Mnaona? Akiwa hajagusa kitu, yuko sawa kabisa." Nikatengwa na Meza ya Bwana. Ninyi mlikuwepo.

Msidhani nilikaa tu. Dispensari walinipa dawa ya kudondosha machoni, wakasema ni ugonjwa wa macho mekundu, ingawa macho yangu hayakuwa mekundu. Mganga akanichanja juu ya nyusi, na alama hizi mnaziona hadi leo. Mume wangu akaninunulia miwani mjini, nikaona ng'ombe walewale wawili, ila sasa wamekuwa wakubwa.

Nikapata mimba. Miezi ya mwisho mwili ukapata nafuu, mume wangu akaanza kucheka tena nyumbani. Nikajifungua mtoto wa kike.

Hakulia kama watoto wanavyolia. Alitoa sauti ndogo, kama paka aliyefungiwa ndani. Nikamweka kwenye ziwa, mdomo ukalegea, maziwa yakamtoka pembeni. Nikamtazama usoni. Kope zake zilikuwa zimeanguka kama zangu. Nikakamua maziwa, nikawa namdondoshea kwa kidole, na kila tone lilimpalia.

Mama mkwe akasimama pale mlangoni, akasema, "Mtoto huyu amelewa tangu tumboni."

Hakufika Jumapili. Tulimzika migombani nyuma ya nyumba, kabla hajapewa jina. Mume wangu aliporudisha jembe ndani, alikaa akanipa mgongo. Alikaa hivyo muda mrefu sana. Na mimi, ndugu zangu, nilifika mahali pa kujiuliza kama kweli nilikuwa nakunywa bila kujijua.

Yupo wifi yangu mmoja. Leo hayupo, kwa hiyo namsema vizuri asinikatize. Alikuja kutusaidia baada ya msiba. Siku moja alfajiri akaniambia, "Leo sikuachi hata hatua moja." Tulienda wote shambani, mtoni, hata chooni alisimama nje. Maji ya kunywa alinitekea yeye, chakula alikionja yeye kwanza. Alasiri kope zikashuka, sauti ikaenda puani. Akanishika uso kwa mikono miwili, akalia.

"Hujanywa kitu," akasema. "Hujanywa kitu, na sisi tumekuua."

Ndipo akauliza, "Ukienda kwa waganga na dispensari, unafika saa ngapi?" Nikamwambia asubuhi, kama watu wote, nipate nafasi mbele. Akasema, "Basi ndiyo maana hawaoni. Safari hii tutafika umechoka."

Tukateremka mlima kwa miguu jua likiwa kali, tukapanda lori la kahawa mpaka Arusha, tukaingia hospitali wenzetu wanatoka. Daktari alikuwa mama wa Kizungu. Maswali yake aliyajibu wifi, maana sauti yangu ilikuwa imeshaenda puani. Alitaja asubuhi, alitaja alasiri, alitaja taya na sauti.

Daktari akaweka kalamu chini. Akaniambia, "Mama, tazama msumari ule juu ukutani, usiuache." Nikautazama. Kope zikashuka taratibu mpaka msumari ukapotea. "Sasa hesabu kwa sauti." Nikahesabu, na kabla sijafika mbali ikabaki pumzi tupu.

"Macho yako ni mazima," akasema. "Ugonjwa hauko machoni. Ubongo unatoa amri, lakini misuli haiipati sawasawa. Ukiitumia inachoka, ukipumzika inarudi kidogo." Akachukua sindano, akanichoma mkononi.

Tukangoja. Kisha nikasikia wifi anapiga kelele, "Angalia! Angalia macho yake!" Kope zilikuwa zinapanda zenyewe. Mbele yangu walikuwa madaktari wawili, wakasogeleana, wakaingiana.

Nikasema, "Daktari, sasa uko mmoja." Nilisema vizuri, kwa sauti yangu ya usichana.

Wifi alicheka. Mimi nikauliza swali lililokuwa tumboni. "Mtoto anaweza kuzaliwa nao?"

Akavuta kiti, akakaa karibu nami. "Wengine huzaliwa nao kwa muda. Akisaidiwa kunyonya na kupumua, baada ya wiki chache humtoka, akawa mtoto kama wengine."

Jioni ile, lori likipanda kurudi, dawa ya sindano ikaisha nguvu, kope zikashuka tena. Nilishukuru, maana sikutaka kuona nyumba yangu wala migomba nyuma yake.

Sijapona. Ninameza vidonge, na vikichelewa kufika hospitali, ninalala kitandani nikilishwa uji. Mama mkwe ndiye anayenilisha. Hajaniomba radhi, nami simdai. Yule mzee wa kanisa alikuja baada ya wifi kuwaeleza wazee. Alisimama mlangoni kofia mkononi, akasema, "Mwanangu, ulituambia." Nikarudishwa Mezani.

Namshukuru wifi yangu. Namshukuru daktari yule, na mume wangu, aliyegeuka akanitazama tena. Mkimwona mtu macho yamelegea, msimpime kwa saa moja. Kaeni naye siku nzima.

Na sasa neno lililonileta mbele yenu. Nina mimba tena. Daktari amesema niteremke mjini mwezi wangu ukikaribia, nikangoje karibu na hospitali. Lakini uchungu unaweza kuniwahi huku mlimani, na ukiniwahi jioni sitaweza kusema. Mama zangu mtakaokuwa nami, mkisikia mtoto analia kama paka, msingoje apewe jina wala msipoteze muda kumwita babu yake aje kuomba. Mfunikeni vizuri, mpelekeni kwa daktari yule anayenijua, mkamwambie mama yake ni nani.