Salamu za Karbo Mlangoni

Ndugu, jamaa na majirani mliothubutu kufika, nasimama kwa niaba ya familia kuwasomea maisha ya baba yetu, Lukio Ofilio Karbo, aliyezaliwa mji wa Patavio, tarehe sita Aprili, mwaka wa nne wa Kaisari wa pili, mtoto wa pekee wa mfumaji wa sufu.

Alisoma kwao, kisha hapa Roma, akafundisha vijana ufasaha na maadili mtaani Subura kwa miaka arobaini, akamwoa mama yetu, Trebonia, mwezi Juni, mwaka wa tatu wa Kaisari wa nne, wakajaliwa watoto wawili, mimi na dada yangu Ofilia, wakatulea kwa uji wa ngano na maneno makali.

Kila alfajiri, kama ilivyo desturi yetu, alivaa toga, lile shuka letu la heshima, akaenda kumsalimu mfadhili wake, mzee Kasperio, aliyemlipia masomo. Siku Kasperio alipomkosoa Kaisari barazani, wasalimiaji wote walihamia milango mingine, baba akabaki peke yake kizingitini, na rafiki zake wakamtania kutoka ng'ambo ya njia, “Karbo, unangoja nini hapo, siku hizi hata mkate hawagawi!” Akawajibu, “Kumbe ninyi mlikuwa mnausalimia mkate.”

Kasperio aliuawa, baba akafungiwa shule, akanyang'anywa nyumba, akapelekwa uhamishoni kisiwani Gyaro, akarudi mwaka jana na kifua kibovu. Mwezi uliopita afisa wa ikulu aliketi kitandani kwake, akamwambia kwa upole, “Mzee wangu, sema tu kwamba Kasperio alikupotosha, watoto warudishiwe nyumba yao.” Nyumba ile tuliitaka sana, na dada yangu alikuwa analia. Baba akasema, “Nyumba mliichukua kwa sababu mna nguvu. Wema wangu hamuupati mpaka niwape kwa mkono wangu, nami sitoi.” Alifariki tarehe tisa Novemba, wakati wa kuwasha taa.

Tunamshukuru tabibu aliyekuja bila kuitwa, majirani walioleta kuni za kumchomea, na walimu wenzake waliombeba mpaka hapa. Ingefaa niwataje mmoja mmoja, lakini miongoni mwetu wamo waliotumwa kusikiliza, kwa hiyo leo watapata jina moja tu. Anayesoma ni mimi, Publio Ofilio Karbo, mwanawe, nakaa nyuma ya tanuri la mikate, ng'ambo ya mto, na sihami.

Lala salama, baba.