Evdokia Karydi, Aliyeuliza Jina Baada ya Mlo
(8 Novemba 1938 – 12 Februari 2019)

Ndugu, majirani, nanyi mliokuwa wanafunzi wake: leo tunamzika shangazi yetu Evdokia, na familia imeniomba nisome haya machache juu ya maisha yake. Yeye mwenyewe hakupenda wasifu. Alisema kila mtu akishakufa husomwa kuwa mpole na mchapakazi, mpaka unajiuliza wale wakorofi huzikwa wapi. Nitajaribu kumsema alivyokuwa.

Evdokia alizaliwa tarehe 8 Novemba 1938 hapa Palirachi, katika nyumba ya mnara nyuma ya kanisa, mtoto wa pili wa Anargyros Mavreas na mkewe Garoufalia. Kaka yake Ilias alimzidi miaka tisa. Mdogo wao, Kyriakos, ndiye baba yangu. Baba yao alikuwa na mizeituni michache na punda mmoja. Mama yao alijulikana katika eneo lote la Mani, huku kusini mwa Ugiriki, kwa maombolezo. Palipotokea msiba aliitwa, akaketi kichwani pa maiti na kumtungia marehemu beti palepale: jina lake, ukoo wake, kazi ya mikono yake, hata ubishi wake. Mara nyingi watoto wake walikula mkate uliotoka misibani.

Tarehe 11 Februari 1948, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, Ilias alikamatwa njiani akitoka kukama mbuzi, akauawa. Kijiji kizima kilijua kwamba Sarantos Lirakos wa mtaa wa chini alikuwa miongoni mwa waliomchukua. Maiti haikurudi. Garoufalia alishuka mara tatu hadi nyumbani kwa akina Lirakos, akapiga magoti mlangoni, akayashika magoti ya yule kijana mbele ya mama yake mzazi. Hakuomba kisasi wala fidia. Aliomba apewe mwanawe amzike. Mara ya tatu mlango haukufunguliwa. Padri alipomshauri azike jeneza tupu ili moyo utulie, alimjibu, “Padri, mimi siliombolezei sanduku.” Tangu siku hiyo hakuimba tena, kwake wala kwa wengine. Evdokia alikuwa na miaka tisa. Sarantos alikwenda Australia mwaka 1951.

Marehemu alimaliza shule ya msingi hapa kijijini mwaka 1950, akasoma sekondari Gytheio akilala kwa mjomba wake muuza samaki, na mwaka 1957 akaingia Chuo Kikuu cha Athens. Alikuwa msichana wa kwanza wa kijiji hiki kufika huko. Alisomea lugha ya kale, na kati ya yote alishikamana na tenzi za mashujaa. Wenzake waliandika juu ya ujasiri na sifa. Yeye aliandika juu ya mambo mawili tu: namna mgeni anavyopokewa, na namna maiti ya adui inavyorudishwa kwa watu wake. Profesa mmoja alimwambia, “Binti, umeacha vita vyote nje.” Akamjibu, “Vita naviacha kwa walioshinda, Profesa.” Alihitimu mwaka 1962.

Alifundisha sekondari ya Areopoli kwa miaka thelathini na mitatu, kuanzia 1963 hadi 1996. Wengi mlioko hapa mlipitia mikononi mwake na mnakumbuka alivyokuwa akisema: katika tenzi hizi watu hukaa mezani zaidi kuliko wanavyokaa vitani, kwa hiyo asiyejua kumkaribisha mtu asinisomee habari za mikuki. Aliwafundisha kwamba mgeni hulishwa kwanza, akanawa, akanywa, ndipo akaulizwa jina, kwa sababu ukishalijua jina unaweza kupata sababu ya kumnyima. Mwanafunzi mmoja aliwahi kumuuliza, “Mwalimu, mbona mashujaa hawa wanalialia hivi? Babu yangu hajalia hata siku moja.”

“Babu yako amekatazwa,” alisema. “Hawa hawakuwa na wa kuwakataza.”

Kulikuwa na sehemu moja ambayo hakuisoma mwenyewe hata mara moja. Ni pale mzee anapokwenda kwa yule aliyemuua mwanawe kuomba maiti. Kila mwaka alimpa mwanafunzi aisome, naye akasimama dirishani akiwa amelipa darasa mgongo mpaka mwisho.

Tarehe 26 Aprili 1964 aliolewa na Fotis Karydis, mfuga nyuki wa Kouskouni, mtu wa maneno mengi na vicheko. Walijaliwa mtoto mmoja, Ilias. Fotis alikuwa akisema ameoa mke mmoja na shemeji ambaye hakuwahi kumwona, na huyo shemeji ndiye anayekalia kiti kizuri. Hakuwa akimdhihaki. Kiti hicho kilikuwepo kweli. Garoufalia alikiweka mezani kikiwa kitupu tangu 1948, na alipofariki mwaka 1971 alimwachia binti yake maneno haya tu: “Umlete mwanangu.” Evdokia alikiweka kiti hicho pamoja na maneno hayo.

Alitafuta. Aliuliza wachungaji, aliandika barua, alishuka kwenye visima vikavu akiwa amefungwa kamba ya Fotis kiunoni. Miaka ilipita.

Jumamosi tarehe 22 Septemba 1990, alasiri, mzee mmoja mwenye kofia na mguu mbovu alisimama langoni kwao akaomba maji. Nilikuwepo, nikichambua dengu. Shangazi alimvutia kiti kivulini, akamletea maji, halafu mkate, zeituni, jibini, nyama ya nguruwe ya kukaushwa kwa moshi, na divai. Hakumuuliza kitu.

“Kula, mzee,” Fotis alisema. “Hapa hatuulizi jina mpaka sahani iwe tupu. Mke wangu anafuata sheria za miaka elfu tatu. Mimi mwenyewe nilikula wiki nzima kabla ya kuulizwa.”

Mzee alikula polepole bila kuinua macho. Akamaliza, akafuta sahani kwa kipande cha mkate. Shangazi akapangusa mikono kwenye aproni.

“Karibu sana. Sasa tuambie, wewe ni nani?”

“Sarantos,” alisema. “Wa Lirakos.”

Fotis alisimama, kiti kikaanguka.

“Kaa, Fotis,” Shangazi alisema. “Amekula.”

“Amekula nini? Huyu—”

“Amekula mkate wangu. Kaa.” Kisha akamgeukia yule mzee. “Ulijua desturi ya nyumba hii?”

“Nilijua. Mama yako alikuwa hivyo hivyo. Ndiyo maana nilinyamaza mpaka nikamaliza.”

“Umejikinga kwa sahani yangu.”

“Sikuwa na kingine cha kujikingia, Evdokia.”

“Kwako wewe ni Mwalimu.”

“Mwalimu.”

 Mikono ya Shangazi ilikuwa juu ya meza, na nakumbuka aliigeuza kama mtu anayetafuta doa. Kisha akasema, “Mwenyeji humpa mgeni zawadi ya kuondokea. Yangu ni hii: utatoka kwenye lango hilo mzima, na wa kwetu hatakugusa. Sasa na wewe toa yako. Kaka yangu yuko wapi?”

“Shimo la Vathi,” alisema yule mzee. “Chini ya zizi la mawe, penye mtini. Lakini hayuko peke yake. Siku ile walikuwa watatu.”

“Wawili ni nani?”

“Hawakuwa wa huku. Walikuwa wanapita njia.”

“Nimekuuliza ni nani.”

“Hatukuwauliza majina,” alisema Sarantos.

Shangazi aliniambia baadaye kwamba katika yote aliyosikia siku ile, hayo maneno mawili ndiyo yaliyomwingia na hayakutoka. Alimsindikiza mgeni wake hadi langoni. Hakumpa mkono. Sarantos alirudi Australia wiki iliyofuata, akafia huko.

Lazima niseme na linalofuata, kwa sababu Shangazi hakutaka lifichwe. Baba yangu aliposikia kwamba dada yake amemlisha muuaji wa kaka yao na kumwacha aende, alikuja hadi uani akasimama wima.

“Umemlisha.”

“Nimemlisha, Kyriakos. Sikujua ni yeye.”

“Na ulipojua?”

“Nilipojua alikuwa ameshakula.”

“Basi kaa na sheria zako,” Baba alisema. “Sisi wengine tuna kaka.”

Hakusema naye tena kwa miaka minne. Kijijini walikuwepo waliomuunga mkono Baba, na wapo mpaka leo. Kuna wanawake ambao hawakuingia tena uani kwa Evdokia. Yeye hakujitetea kwao. Nilipokuwa mkubwa nilimuuliza kama angemjua mzee yule tangu langoni angefanyaje. Alifikiri, akasema, “Ningemnyima maji. Na Ilias angekuwa bado shimoni. Sipendi kulifikiria.”

Mwezi Januari 1991 walilifungua shimo la Vathi. Maji ya miaka arobaini na mitatu yalikuwa yameichanganya mifupa. Mafuvu yalikuwa matatu. Shangazi aliyashika moja moja akayatazama meno, na hapo ndipo alipogundua kwamba anaikumbuka sauti ya kaka yake lakini meno yake hayakumbuki. Palikuwa na mfupa wa mkono uliovunjika zamani ukaunga upande. Huo haukuwa wa Ilias, maana hakuvunjika kamwe. Palikuwa na mkanda wa ngozi uliotobolewa matundu matatu kwa kisu, wa mtu aliyekonda njiani. Nao haukuwa wa Ilias, maana aliondoka nyumbani kajifunga kamba. Zaidi ya hapo hakuweza kutenganisha.

Aliiosha mifupa yote kwa divai, kama tunavyofanya kwa watu wetu, akaianika juani kwenye shuka tatu alizokuja nazo alipoolewa. Alipoigawa katika masanduku matatu, kila moja na fuvu lake, na kuiweka katika makaburi ya akina Mavreas tarehe 10 Februari 1991, yeye ambaye hakuwahi kuimba msibani alifungua kinywa na kuomboleza kwa mtindo wa mama yake. Beti za Ilias zilikuwa na jina. Za wale wawili alizitunga juu ya mkono na mkanda, kwa kuwa ndivyo alivyokuwa navyo. Siku hiyo kile kiti kiliondolewa mezani.

Mwaka 1994, mchana wa Jumatatu ya Pasaka, Baba alikwenda makaburini akamkuta dada yake anajaza mafuta kwenye taa tatu. Akamuuliza, “Yupi ni Ilias?”

“Sijui, Kyriakos.”

Baba alitazama masanduku matatu. Akainama, akalibusu la kwanza, akalibusu la pili, akalibusu la tatu. Baada ya hapo walisemezana, ingawa si kama zamani. Baba alifariki mwaka 2003.

Tangu 1991, kila Februari Shangazi alichemsha ngano ya kuwakumbuka wafu sahani tatu, na kila Februari aliweka tangazo gazetini akiuliza kama kuna nyumba iliyopotelewa na wanaume wawili mwaka 1948. Miaka ishirini na nane, hakuna aliyejibu. Mwanawe alimshauri mifupa ipimwe hospitali ili ajulikane yupi ni mjomba wake. Alikataa. “Kipimo kitaniambia yupi ni wangu. Hakitaniambia hawa wengine ni wa nani. Nikishamjua wangu, wao nitawageuza nini?”

Fotis alitangulia mwaka 2011. Moyo wa Shangazi ulianza kudhoofika mwaka 2016, na muda si mrefu kumbukumbu nazo zikaanza kumwacha. Lugha ya kale ilikaa, majina yalikwenda. Daktari alipokuja kumpima, Shangazi alimwambia, “Kula kwanza.” Miezi ya mwisho nilikuwa namlisha mimi, na kila tulipomaliza alipangusa mdomo, akanitazama kwa adabu, akaniuliza, “Sasa niambie, wewe ni nani?” Nilimwambia. Kila siku nilimwambia.

Jumatatu iliyopita, tarehe 11, aliuliza kama ngano imewekwa jikoni. Nikamwonyesha sahani tatu. Alizigusa moja moja kwa kidole. Jumanne saa nne asubuhi alifariki kitandani kwake, akiwa na umri wa miaka themanini.

Ameacha mwanawe Ilias na mkewe Annegret walioko Stuttgart, wajukuu wawili, Fotis na Garoufalia, mimi mpwa wake, na wanafunzi wasiohesabika. Aliagiza orodha hii isiishie hapo. Ameacha pia ndugu wawili aliowapata shimoni, yule wa mkono uliounga upande na yule wa mkanda wenye matundu matatu, ambao tangu leo wako chini ya uangalizi wangu. Majina yao hatuyajui bado. Kama kuna nyumba mahali fulani ambayo kiti cha mtu kimebaki tupu tangu mwaka ule, watu wake waje Palirachi. Lango la Evdokia halitafungwa. Watakula kwanza, kisha tutawauliza.

Udongo wa Mani umlalie mwepesi, naye apumzike kwa amani pamoja na wake wote watatu.