Gazeti la Mzee Kipruto

Mwaka wa tisini na saba, uchaguzi ukikaribia, nilipanda basi Sigor nikaketi nyuma ya watu wawili wasiojuana. Mama Jecinta, mwenye duka, alitaja katika mazungumzo kwamba anauza nyumba yake ya Kapkatet. Mzee Kipruto, mkulima wa majani chai, aliitaka nyumba hiyo kabla hata ya kuiona.

"Mama, punguza," alisema akikunjua gazeti. "Imeandikwa hapa. Siasa imechacha, nyumba zimeshuka bei nchi nzima. Mimi nasoma, sibahatishi."

Machozi yalimlengalenga Jecinta. Nyumba hiyo alikuwa ameijenga na marehemu mumewe. Kisha akalichukua gazeti, akaligeuza.

"Mzee, hii ni ya tisini na mbili!"

"Haiwezekani. Nilifungiwa nayo sabuni jana tu. Na uchaguzi si uko?"

"Ule uliisha! Huu ni mwingine."

Mzee alilitwaa gazeti, akaikodolea macho tarehe. "Basi hiyo bei ilipanda tena lini, na mbona hatukuambiwa?"

Basi likasimama Kapkatet, Jecinta akashuka bila kuaga. Mzee, aliyekuwa amekata tiketi ya Kericho, akamfuata mbio. "Mama, ngoja! Nitanunua gazeti ya leo!"