Kikwapa cha Kamyo

Assalaam alaikum, Waislamu. Na nyinyi Wakristo wa kimina chetu cha kuweka akiba, mwiriwe. Kabla sijaanza, naomba mtu aufunge huo mlango. Mmesikia? Mmesikia unavyolia? Kama mbuzi ameambiwa kesho ni Iddi. Asante, mama. Hiyo sauti muiweke kichwani, tutairudia.

Mimi mnanijua. Fundi wa kusudira vyuma, kuvichomelea, pale Rwezamenyo. Mageti, madirisha, vitanda. Shule niliachia katikati ya mwaka wa pili wa sekondari, na siku nilipoondoka mwalimu wa hesabu alitoa machozi. Ya furaha. Mwenyekiti ameniambia hivi: "Simama utoe ushuhuda, lakini usitaje jina la mtu na usitukane." Majina sitataja. Hilo la pili, sha, tutaona.

Ndugu zangu, nawaambia ukweli, nimekuja na hasira. Mmezoea kunisikia nikichekesha, na leo pia mtacheka, sina dawa ya mdomo huu. Lakini chini ya kicheko iko moto.

Iko bosi mmoja wa Kimihurura, kule kwa matajiri. Kazi yake ni kutembeza wageni porini. Akanunua kamyo, lori la jeshi la huko Ulaya, limestaafu, rangi ya majani, gurudumu linanifika kifuani. Ndiyo, kifua changu hakiko mbali na ardhi, najua. Bosi akataka nyuma ya hiyo kamyo ajengewe nyumba: sanduku la chuma lenye kitanda, jiko, tangi la maji, na kijidirisha cha kupita kutoka kwa dereva mpaka ndani. Wageni walale humohumo, simba akipita wampungie mkono. Akauliza mafundi, wakamwonyesha kwangu. Kwangu mimi! Mtu wa mageti! Nilitembea Biryogo yetu nzima siku hiyo kifua mbele, mnanikumbuka. Niliwasalimia hata watu tusiosalimiana.

Sasa sikilizeni makosa yalivyoingia, maana yalibisha hodi kabisa.

Dereva wa ile kamyo ni mwanajeshi mstaafu, tunamwita Afande. Miaka yake yote ameendesha mashine za namna hiyo. Siku ya kwanza akaniita chini ya gari, tukalala chali wawili, akagonga shasi kwa kidole. "Fundi, hii iko na mgongo. Ikipita kwenye shimo, inajikunja. Iachie nafasi ya kujikunja." Mimi nikamjibu, "Afande, wewe shika usukani, mimi nishike chuma." Hodi ya kwanza, nimemfungia.

Hodi ya pili ilikuwa nyumbani. Mke wangu anashona kanzu hapa Biryogo, nusu yenu mmevaa kazi ya mkono wake. Nilikuwa namwonyesha mchoro niliouchora nyuma ya kalenda. Akautazama, sindano iko mdomoni, akauliza, "Na kikwapa umekiweka wapi?"

Wakristo, msikunje pua, sisemi harufu. Kikwapa ni kile kipande kidogo cha kitambaa ambacho fundi anakitia kwenye kanzu chini ya kwapa, ili mkono ukipanda nguo isivutike. Nilicheka mpaka nikakohoa. "Mama watoto, hii ni chuma. Chuma hakina makwapa. Wewe endelea na uzi wako." Uzi wako! Hivyo ndivyo nilivyomwambia mtu aliyekuwa ananilisha.

Na bosi naye kila akija ni wimbo mmoja: "Kaza. Sitaki kelele. Wageni wangu hawatalala ndani ya ngoma. Kaza, fundi!" Nikakaza. Nikapiga bolti kumi na sita, sanduku juu ya shasi, nyama juu ya mfupa. Halafu, kwa kiburi tu, nikasudira na juu ya bolti. Nikamwambia, "Bosi, hili litatoka siku ya kiyama."

Kiyama kilikuja upesi. Safari ya kwanza, njia ya vumbi ya kwenda mbuga ya Akagera. Mbele tuko Afande na mimi, nimepelekwa nikaonyeshwe kama fundi aliyeijenga. Nyuma, ndani ya sanduku, bosi mwenyewe na wageni wawili, mume na mke, wanakunywa kahawa. Tukafika kwenye mtaro, gurudumu moja limepanda, lingine limezama. Afande akanitazama. Nikasikia *kraaa*.

Niligeuka, nikachungulia kwenye kijidirisha, nikaona jua. Jua limeingia mahali ambapo mimi sikuweka dirisha! Pembe ya mbele imechanika kutoka juu mpaka chini, kama kopo la dagaa. Tangi limepasuka, maji yote kitandani, na bosi amekaa katikati, suruali nyeupe, kikombe bado mkononi. Hakuna aliyeumia, alhamdulillahi. Yule mama mgeni akatoa kichwa kwenye ufa, akanipungia mkono. Nikampungia.

Cheka. Chekeni tu, mimi mwenyewe nilicheka. Ila bosi hakucheka. Kule Kimihurura akasema kwa kila mtu, "Ni makosa yangu, nilimpa kazi mtu ambaye hakusoma." Neno lake la "kaza" hakulitaja hata mara moja. Si alisimama juu yangu kila siku kama mwamuzi? Kaza, kaza, kaza! Halafu ikipasuka, ni shule niliyoachia!

Lakini bosi simdai heshima, hanijui. Nyinyi mnanijua. Habari ilifika huku kabla yangu, na nani alinipa jina la Fundi Kopo? Hamtaki kusema? Yule anayeangalia viatu vyake, namwona. "Fundi Kopo, dagaa iko?" Watoto wangu waliitwa vidagaa shuleni. Wiki zikapita, hakuna geti, hakuna dirisha, hata mtu wa kuniletea msumari niunyooshe. Mashine yangu ikalala, na mimi nikalala. Na kimina hiki, mlipotaka mlango wa chuma wa ukumbi huu, mlimwita fundi kutoka mbali. Mimi niko hatua mia mbili! Nilimwona akipita mbele ya karakana yangu amebeba vyuma vyenu, akaniuliza njia. Na nikamwonyesha!

Oya, mwenyekiti, sitakaa. Bado.

Nilimwambia mke wangu nauza mashine, nikatafute kazi ya kulinda geti, nilinde mageti ya watu badala ya kuyatengeneza. Hapo ndipo nilipofika, ndugu zangu. Mikono hii nilikuwa naitazama kama ya mtu mwingine.

Ikaja Iddi. Nikasema, kama watu wananicheka, basi wanicheke nimependeza. Nikamwambia mke wangu, "Nishonee kanzu kama za vijana, inibane. Usiweke yale mavikwapa yenu, yananifanya kama mfuko."

Akaniuliza, "Una hakika, baba watoto?"

"Nimesema ibane."

"Haya."

Hakubishana. Mwanamke asipobishana, kimbia. Mimi sikukimbia, nilivaa.

Tukasimama kwenye safu, imamu akasema Allahu Akbar, nikainua mikono. *Kraaa*. Kwapa la kulia. Takbira ya pili, la kushoto. Na sala ya Iddi, takbira zake mnazijua, haziishi! Kijana wa nyuma yangu alikuwa anatetemeka kwa kicheko mpaka safu yote ikatikisika. Nilirudi nyumbani nimebana mikono mbavuni kama kuku wa sokoni, na hasira ninayo mpaka kwenye kucha.

"Umeniaibisha!"

"Mimi? Ulisema ibane."

"Wewe ni fundi! Ulijua itachanika!"

Akaweka chini mwiko. Akanitazama, na mimi nikasikia nilichosema kabla hajakirudia. "Ndiyo, nilijua," akasema. "Na nilikwambia. Na Afande alikwambia. Mara ya kwanza kwa chuma, mara ya pili kwa kitambaa. Mara ya tatu unataka ipasuke nini, mume wangu?"

Nikavua kanzu, nikaitandaza mezani. Ndugu zangu, ufa ulikuwa umeanzia palepale, kwenye pembe, mkono unapokutana na mwili. Ndiyo pembe ya sanduku. Shasi ndio mkono, ule unainuka na kushuka. Sanduku ndio mwili, lenyewe linataka kutulia. Na mimi nilivishona pamoja bila kikwapa. Hasira haikuisha, nisiwadanganye. Ilihama tu. Ilitoka kwa bosi, ikatoka kwenu, ikaja kukaa hapa kifuani kwangu, na ikapata kazi ya kufanya.

Siku ya pili nikapanda mpaka Kimihurura na ile kanzu ndani ya mfuko wa karatasi. Bosi alinikuta getini. "Wewe tena? Niambie, ulisoma wapi hasa?"

Nikamwambia, "Nilisoma jana, kwenye sala ya Iddi." Nikatoa kanzu, nikaivaa juu ya shati, nikainua mikono. Akaniona mwendawazimu. Lakini Afande alikuwa anaosha kamyo, akaacha maji yanamwagika, akaja akatia kidole kwenye ule ufa. "Bosi," akasema, "sasa ameelewa. Huyu aliyepasua anajua ilipopasukia. Mwingine ataanza kukaza upya." Bosi akakubali kwa sharti moja: ikipasuka tena, anaiuza kamyo kama chuma chakavu na atasema jina langu mpaka kwenye redio.

Nilikata ile kazi yote. Kukata kiburi chako kwa msumeno kuna kelele, nawaambia. Nyuma nikalifunga sanduku vizuri. Mbele nikaacha bolti ndefu zenye resori, zile springi za chuma, shasi ikijikunja, resori inakubali, sanduku linabaki limekaa. Na pale kwenye kijidirisha cha dereva, ambapo zamani nilisudira chuma kwa chuma, mke wangu alikaa kwenye kamyo siku mbili na turubai zito na sindano ya viatu, akashona mkunjo kama wa kinanda cha mkono. Kikwapa! Kamyo ya jeshi imevaa kikwapa cha Biryogo!

Tukarudi kwenye mtaro uleule. Safari hii bosi alikaa mbele, hakutaka kuingia nyuma. Nyuma tuliingia mimi na mke wangu, tumekaa kitandani, kila mtu na kikombe cha chai. Nilimwambia, "Ikipasuka, tutapungia watu pamoja." Afande akashusha gurudumu. Shasi ikajikunja, nikaisikia chini ya miguu, resori zikalia kidogo, turubai likafunguka, likajikunja. Nikatazama pembe. Nikatazama pembe. Jua halikuingia.

Chai ilimwagika kidogo, kwenye kanzu. Mpya, yenye vikwapa.

Na mnajua bosi alisema nini alipowapigia wageni simu? "Tumeitengeneza." *Tumeitengeneza!* Ikipasuka ni mimi peke yangu, ikisimama ni sisi wote! Hiyo hasira bado ninayo, naiweka mfukoni, nitaitumia siku moja.

Shukrani. Kwanza Mwenyezi Mungu, ambaye hakuninyima mikono hata niliponyimwa akili. Pili Afande, aliyesema mara mbili wakati wengine hawasemi hata moja. Tatu iko mama mmoja amekaa humu, simtaji, atafura: wakati wote mmenikimbia, aliniletea sufuria iliyokatika mkono, akasema, "Fundi, nisaidie." Sufuria moja. Nilikaa nayo asubuhi nzima, sikutaka iishe. Na mke wangu. Uzi wako, mama watoto, ndio ulioshika chuma changu. Nasema mbele ya watu.

Funzo ni fupi, nilichelewa kulipata ila nalitoa bure. Unachokifunga kwa kitu kinachotembea, kiachie nafasi. Gari, nguo, mke, na fundi aliyekosea pia. Mlinikaza mimi kwa kosa moja, hamkuniachia hata upana wa kidole. Nilikaribia kuchanika, ndugu zangu, na mngesema ni shule.

Haya, namaliza. Ule mlango unalia kwa sababu yule fundi wenu alibana bawaba, jua likipiga chuma kinavimba hakina pa kwenda. Nilijua tangu siku ya kwanza. Nilipita hapa kila siku, nikausikia, nikafurahi, Mungu anisamehe.

Vyombo vyangu viko hapo nje. Mkimaliza kikao, msiufunge. Nitaulegeza leo.

Ila yule anayetaka mlango upone aje mwenyewe kuniita. Na aniite kwa jina langu.