Citoyen Katsuva na Bafle za Masua Neema

Tarehe 30 Septemba 1989, Citoyen (yaani Ndugu) Katsuva, fundi wa umeme na redio katika atelye yetu ya Bunia, karakana ya malori na masua (mashua) za kampuni, anaingia pensheni baada ya miaka kumi na tisa ya kazi. Alipofika mwaka 1970 alitangaza kwamba atakaa kidogo tu, mpaka apate kazi inayolingana na akili zake. Bado anaitafuta.

Alianza na taa za malori. Lakini mwaka 1974, pale Tchomia, bandari yetu ya ziwani, masua ya mshindani wetu ilianza kupiga muziki, na abiria wakatuhama. Mama wauza samaki, wateja wetu wa tangu zamani, walipita mbele ya masua yetu, Neema, mabega yakicheza, wakapanda kule. Mkurugenzi akanunua ampli mpya, mashine ya kukuza sauti, na bafle nne, yaani vipaza sauti vya sanduku, akamkabidhi Katsuva. Fundi wetu aliteremka mlima hadi ziwani juu ya lori, ampli magotini, ameifunika kwa koti lake huku mvua ikimlowesha yeye.

Kapiteni Kamate, mtu wa kusoma kila karatasi inayokuja na mashine, alimuuliza kama amesoma ile ya ampli.

"Kapiteni, weye ongoza masua," Katsuva akajibu. "Umeme, uniachie miye."

Akaunganisha bafle zote nne sambamba. Kila moja ilikuwa ya ohm nane. Zikifungwa hivyo, kwa ampli ni ohm mbili tu, na ampli ile haikutaka zipungue nne. Chini ya hapo inavutwa kupita nguvu zake. Kwa nyimbo tatu, Neema ilikuwa na furaha kuliko bandari nzima. Katika wimbo wa nne ampli ilitoa moshi, abiria wakakimbilia upande mmoja, masua ikainama, na mbuzi kadhaa wakateremka majini bila kuuliza mtu.

Mbuzi waliokolewa. Ampli ilirudi Bunia kimya, na Katsuva pia, jambo ambalo halijawahi kutokea tena. Alimwomba Kapiteni amfasirie Kifaransa cha ile karatasi, akaisikiliza hadi mwisho. Ampli ilipotengenezwa, alifunga bafle mbili mbili kwa mfululizo, kisha akaunganisha jozi hizo sambamba. Ohm nane kamili, ampli ikapumua. Tangu siku ile, ukifunga redio popote mjini, utamkuta nyuma yako: "Ohm ngapi? Wati ngapi? Uliuliza mbele ya kuoanisha?"

Abiria walirudi. Lakini siku tunayomshukuru zaidi ni ile ya mwaka 1979, injini ya Neema ilipozimika katikati ya ukungu. Upepo ulikuwa unaisukuma masua kuelekea Uganda, ambako mwaka ule wa vita hakuna aliyetaka kufika bila kualikwa. Watoto walilia, mama mmoja akaanza kugawa nguo zake kwa majirani. Batri ilikuwa karibu kufa. Katsuva, aliyekuwa safarini siku ile, akakata bafle zote, akaacha kipaza sauti kimoja tu, kile cha tarumbeta cha kutangazia bandarini, kilichooana vizuri na ampli, ili nguvu yote iliyobaki ipite pale. Kapiteni alimshikia waya.

"Watu wa Tchomia! Mutusaidie! Neema iko napotea!"

Hakuna aliyekuja. Wavuvi walikuwa karibu, lakini walizoea matangazo yetu ya nauli, wakaendelea na nyavu zao.

Ndipo Katsuva akaimba zaburi. Inabidi tueleze kwamba ni Mkristo mwema, ila kwaya ya parokia yake ilikuwa imemwomba, kwa upole, asaidie kupanga viti. Kabla ya ubeti wa pili, pirogi tano, yaani mitumbwi, zilitokea kwenye ukungu, wavuvi wakipiga makasia kwa nguvu zote.

"Iko wapi mutu anakufa?" wa kwanza akauliza.

"Haiko mutu anakufa," Kapiteni akasema. "Iko fundi wetu."

Walitutupia kamba, wakatuvuta. Jioni, abiria wote walikanyaga mchanga wa Tchomia, na Kapiteni Kamate alimkumbatia Katsuva mbele ya watu mpaka kofia yake mwenyewe ikaanguka majini. Hakuiokota.

Sasa muzee wetu anahamia Bule, ambako mke wake, Mama Kavira, amenunua shamba la viazi. Kule umeme haujafika. Ni Mama Kavira aliyechagua mahali.

Muzee Katsuva, siye wenzako wa atelye na wa masua tunasema aksanti. Mungu akupe afya, mavuno na usingizi mzuri. Na ukifungua mizigo, tafuta chini ya mablanketi: tumeficha batri mbili zilizojaa. Mama Kavira asijue.