Viunza Visivyooza

Ndugu waombolezaji, kabla jeneza halijainuliwa, mimi Mwinyimadi nimetumwa na familia kusoma maisha ya kaka yangu, Hemedi Kibwana, aliyezaliwa hapa Kisarawe tarehe 3 Machi 1938, akasoma hapa hapa, akajifunza useremala, na mwaka 1963 akaajiriwa katika kituo kidogo cha utafiti wa mbao kule Misugusugu, Kibaha, ambacho tangu hapo kimebadilishwa jina mara kadhaa, na kila mara kibao kipya cha jina kilichongwa na yeye.

Mwaka 1966 alimuoa Bi Biubwa, wakajaliwa watoto watatu, Zena, Salumu na Siwema.

Kituoni alishughulika na mafuta ya maganda ya korosho, ambayo watafiti waliyachemsha na kuyachanganya wakitafuta dawa ya kupaka mbao, ili nchi ipate bidhaa yake yenyewe na nguzo zetu zisiliwe na mchwa, na dawa ikapatikana, kwani vigingi walivyovifukia vilitoka ardhini kama vilivyoingia, ila kamati ya wataalamu ilipokuja iliandika kwamba matokeo yanatia moyo, ikala chakula cha mchana, ikaagiza utafiti uendelee, na mwaka uliofuata ikaandika vilevile. Wenzake wakimtania, "Bwana Mchwa, leo mchwa wako wamekula nini?" alijibu, "Posho za kamati."

Tarehe 11 Juni 1973 Zena alifariki kwa surua, akiwa na miaka sita, na baba yake, ambaye hakutaka mchwa wamguse mwanawe, alivipaka dawa ile viunza vya kumfunikia kaburini, na hatukumkataza, maana nani angemkataza.

Sote tunajua kwamba viunza vikioza udongo hushuka, kaburi likatitia, nasi tukasema ardhi imempokea mtu wake, lakini kaburi la Zena halijatitia hata kidogo, masika yamekuja na kuondoka, majani hayaoti juu yake, na siafu wakifika pale huzunguka. Bi Biubwa alimwambia mumewe, nami nikisikia, "Baba Zena, mwanao bado yuko mlangoni," na tangu siku hiyo kaka hakuitaja dawa nyumbani, ingawa kazini aliendelea kuipika.

Mwaka 1982 alianza kuugua kifua, akatibiwa hospitali ya Tumbi, akafariki jana, tarehe 9 Septemba 1984, akiwa ameusia azikwe kando ya Zena, kwa viunza vya mwembe visivyopakwa kitu. Asubuhi hii Twalibu, mchimba kaburi wetu, alipokuwa akichimba, jembe liligonga ubao wa Zena kwa pembeni, ukalia mkavu, na harufu ya dawa ikapanda kana kwamba umepakwa jana, hivyo akafukia hapo, akasogea kidogo.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliokesha nasi, na wafanyakazi wenzake waliotuletea viunza vya rambirambi, vya kwanza tangu dawa ile ipitishwe rasmi mwezi uliopita, vyenye mhuri na vilivyopakwa vizuri sana, ambavyo tunawaomba, kwa heshima zote, wavirudishe na gari lililovileta.

Na kaburi la marehemu likianza kutitia, tafadhali asije mtu na jembe kulijaza, liacheni Bi Biubwa alione.

Baba Zena, nenda ukamfungulie mwanao. Pumzika kwa amani.