Pakiti Zinazopotea Kivuli Kikihama

Benchi letu halikai mahali pamoja. Asubuhi liko mbele ya kinyozi, yaani mbele yangu, na jua likipanda tunalibeba, tunavuka nalo barabara hadi chini ya ukuta wa Mama Vifungo mshonaji, kwa sababu kivuli nacho kinahamia huko. Siku hiyo ndiyo kwanza tulikuwa tumelitua. Tani Moja, dereva mstaafu wa malori, akakaa mwishoni kama kawaida yake, benchi likalia kama kawaida yake. Methali akachukua katikati; huyu alifundisha shule maisha yake yote akastaafu na methali tu, na hata hizo hajui kuzitumia. Fundi Redio akajibana pembeni yangu, simu mkononi. Birika la kahawa tukalitua juu ya tofali. Hatujamaliza kikombe cha kwanza, dirisha la juu ya vichwa vyetu likafunguka, Mama Vifungo akachungulia, futi ya kupimia ikining'inia shingoni.

Mama Vifungo: Jamani, imeanza tena. Asubuhi nzima mtandao shwari, sasa hivi unakatakata. Na mwanangu anahojiwa saa nane.

Hapo hakuna aliyeuliza kuhojiwa nini. Mtaa mzima unajua. Binti amepata watu wanaotaka mtu wa kupokea simu za wagonjwa na kuwapangia miadi na madaktari, akiwa nyumbani kwake mwenyewe. Mara ya kwanza walimhoji kwa video wakasikia nusu ya kila jibu. Wakamwonea huruma, wakampa nafasi ya pili, wakamwambia hakuna ya tatu. Mama yake anashona kwa macho yanayomuuma, na mimi huona anavyoishika sindano mbali na uso. Kazi hiyo ilikuwa inangojwa na nyumba nzima.

Mimi: Kampuni ya mtandao wanasemaje?

Mama Vifungo: Wanasema kwao kuzuri. Tumezima kisanduku cha mtandao, tumewasha. Tumezima, tumewasha. Mpaka kimechoka.

Fundi Redio: Tulia, mama. Hapo pakiti zinapotea.

Tani Moja: Pakiti za nini?

Fundi Redio: Sikiliza. Ukiongea kwenye mtandao, maneno yako hayaendi kwa mkupuo. Yanakatwa vipande, kila kipande kinafungwa pakiti yake, kinatumwa. Kule zinapangwa upya. Zikipotea njiani, yeye anasema "nina uzoefu wa miaka miwili", wao wanasikia "nina... wili".

Methali: Ndiyo maana wahenga wakasema haraka haraka haina baraka. Mtandao wenye kasi lazima udondoshe vitu.

Tani Moja: Kwenye kudondosha mzigo niulizeni mimi. Mzigo haudondoki barabara ikinyooka, unadondoka kwenye kona. Tazameni ule waya pale kwenye nguzo, umepigwa kona kali. Pakiti zinakuja mbio, zinafika pale, chali.

Mimi: Kwani asubuhi kona haipo?

Tani Moja: Asubuhi zinapita bado zina nguvu.

Nilimwacha, maana mimi nilikuwa na hoja ya maana zaidi.

Mimi: Tatizo ni kunguru. Mchana wanatua kwenye waya kupumzika. Waya ukikaliwa unabanwa, ukibanwa kitapita nini?

Tani Moja alicheka hadi benchi likayumba. Ndani tukamsikia Binti akisema, "Sasa ndiyo imekufa kabisa."

Tani Moja: Kunguru ana uzito gani wa kubana waya, wewe kinyozi? Ndege mzima hajazi hata kikombe cha mchuzi.

Fundi Redio: Kunguru hapana, lakini jua linawezekana. Mnakumbuka ile siku ya mawingu? Hakukuwa na jua, benchi tukaliacha kule kwa kinyozi kutwa nzima. Mtandao ulikatika?

Mama Vifungo: Haukukatika hata kidogo.

Fundi Redio: Basi. Jua la mchana linatanua waya, waya unakuwa na nafasi kubwa, pakiti zinapotelea humohumo.

Tulitikisa vichwa. Ukweli ukitajwa mtu unausikia tu. Tani Moja akainuka kuongeza kahawa, Fundi Redio akanyoosha simu yake juu kupima.

Binti (kutoka ndani): Mama, imerudi.

Fundi Redio: Mmeona? Nimeyashika mawimbi yake. Nisiguswe.

Tani Moja akajaza kikombe, akarudi akakaa.

Binti: Imekata.

Fundi Redio: Nani amenigusa?

Methali: Ngojeni niwamalizie. Haba na haba hujaza kibaba. Hizo pakiti kila siku zinapotea, na kitu kikipotea kuna aliyekiokota. Kuna mtu mahali amekaa na kibaba, kimejaa majibu ya binti yetu. Siku moja atakwenda kuyaombea kazi yeye mwenyewe.

Mimi: Ni nani huyo?

Methali: Wa karibu. Kikulacho ki nguoni mwako.

Tukaangaliana. Kila mmoja alimfikiria jirani yake, na mimi nilikuwa nimeshampata wangu kichwani. Mama Vifungo hakucheka. Alisema taratibu, "Mwanangu ameshavaa ile blauzi nyeupe. Amekaa tu mbele ya kompyuta, hata maji hataki kunywa." Akarudi ndani. Kijiwe kikapoa, na nakiri roho iliniuma, kwa sababu tulikuwa na majibu mengi na hakuna hata moja la kumpa.

Ndipo akatokea mama mmoja mnene wa sauti, kapu mkononi, ametokwa jasho. Hatujawahi kumwona mtaani.

Mgeni: Hamjambo? Mimi shangazi yake Binti. Nimekuja kumwombea dua kabla hajahojiwa. Nisogezeeni kidogo niweke kapu.

Tukamsogezea. Akainama ukutani kutafuta pa kuliweka, akapangusa vumbi kwa mkono, akatulia hapo.

Shangazi: Samahanini, kaka zangu. Huu waya mliouwekea mguu wa benchi, unakwenda wapi?

Tuliufuata kwa macho. Ulitoka kwenye tundu chini ya dirisha la sebuleni, kilipo kisanduku, ukatambaa ukutani umefunikwa na vumbi, ukapita chini ya mguu wa benchi upande wa Tani Moja, ukaingia tundu la dirisha la chumba cha Binti. Methali alifungua mdomo, akaufunga. Sijawahi kuona hilo.

Tani Moja akainuka polepole, akashika benchi kwa mikono miwili, akaliinua.

Binti: Imerudi, mama.

Benchi tukalirudisha juani, likabaki peke yake. Kukaa chini ya ukuta hakuna aliyethubutu. Saa nane ilitukuta wima, vikombe mikononi, shangazi katikati yetu akinong'ona dua yake. Dirisha lilikuwa wazi kwa sababu ya joto. Tukasikia sauti ya mwanamume ikimsalimia Binti, kisha ikauliza, "Mara iliyopita tulikuwa tunakupoteza kila mara. Kazi hii ni ya simu tupu. Tatizo lilikuwa nini?"

Binti akanyamaza kidogo. Nikaogopa imekata tena. Nikatazama miguu ya wenzangu mmoja mmoja, na wangu.

"Wazee wangu walikuwa wameukalia waya," akasema, kila neno likiwa zima. "Wamesimama."

Tani Moja alikuwa na goti bovu. Hakuegemea hata ukuta.